Mashine Iliyosema Mara Moja

"Kati ya mashine na mtu, mmoja anasema uongo," alisema Inspekta Faustine Mtewele. "Mtu ametoa maelezo yake na kuyatia sahihi. Mashine haina sahihi. Kesho asubuhi hakimu atamsikiliza nani?"

Erica Mwalongo, fundi wa kompyuta, alikaa kwenye benchi la chumba cha upelelezi, kituo cha polisi Njombe, amejitanda blanketi la mahabusu hadi masikioni. Nje ya dirisha umande ulikuwa umeganda juu ya nyasi, mweupe kama chumvi. Ulikuwa mwezi wa Julai, na mwaka huo wa 2001 baridi ilikuja na hasira.

Faustine alifungua jalada. Hakulihitaji, alitaka msichana aone kwamba linafunguliwa.

Alhamisi iliyopita, alfajiri, mama mmoja wa Uwemba aitwaye Juliana alimpelekea mumewe uji juu ya kilima. Mumewe, Mikaeli, alikuwa mlinzi wa mnara wa Nyanda Mawasiliano, kampuni ya Hajji Ussi, tajiri wa malori wa Makambako. Tangu serikali iruhusu watu binafsi kuuza mawasiliano, Hajji alikuwa akisafirisha barua za kompyuta kati ya Njombe na Makambako bila waya, kwa redio, kupitia mnara huo. Juliana alimkuta Mikaeli sakafuni ndani ya kibanda, amekufa. Mlango ulifungwa, dirisha lilizibwa kwa gunia, na miguuni pake palikuwa na jiko la mkaa lenye majivu.

Daktari alipochunguza maiti hakusitasita. Hewa ya sumu, alisema, ya mkaa au ya moshi wa gari, damu haitofautishi. Kwa kuwa jiko lilikuwepo, aliandika mkaa.

"Nisomee tena maelezo ya Bwana Kefa," Erica alisema.

Kefa alikuwa msimamizi wa ofisi ya Makambako. Faustine alisoma polepole. "Usiku wa Jumatano nilikuwa zamu peke yangu. Kuanzia jioni neno BARIDI lilikuwa likishuka kwenye skrini, moja baada ya jingine, kama siku zote. Mnamo saa tatu likakoma. Kama mashine ingesema JOTO, ningejua Mikaeli ameingiza jiko, jambo lililokatazwa, nami ningemwita kwa redio. Lakini haikusema kitu."

"Na kumbukumbu ya mashine?"

"Ina BARIDI moja, ya jioni. Basi. Kisha kimya mpaka askari wetu alipoizima asubuhi. Nawe umekiri mwenyewe kwamba mchana wa Jumatano, ukiwa hapa Njombe, uliingia kwenye mashine ya mnarani ukapunguza maneno yake. Mkuu wa kituo anasema ulifuta onyo la joto. Mtu akafa kwa uzembe wako."

"Sikufuta onyo."

"Basi nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu. Ndivyo nilivyo."

Erica alitoa mikono nje ya blanketi. "Kwenye kompyuta ya mnarani kuna kadi ya redio. Kadi haijiendeshi, kuna programu inayoiendesha. Aliyeiandika programu hiyo aliitia amri za kusema kila kitu, ili ikiharibika ajue imeharibika wapi. Amri hizo alizitawanya kila mahali, kila moja kwa mtindo wake. Kadi ikipoa mno inasema BARIDI. Baada ya muda mfupi inapima tena, inasema BARIDI. Usiku mzima. Skrini ya mnarani na ya Makambako zinajaa, na hitilafu ya kweli inapita katikati ya kelele hizo bila mtu kuiona."

"Kama mlinzi anayepuliza filimbi kila akikohoa."

"Ndiyo, afande. Mimi nimezikusanya amri zote mahali pamoja. Sasa mashine inakumbuka neno lake la mwisho. Hali isipobadilika, haifungui mdomo. Ikibadilika, inasema mara moja."

Faustine alifunga jalada. Kwa muda alisikiliza mlio wa birika kwenye chumba cha pili.

"Kwa hiyo ukimya si ubovu," alisema.

"Ukimya maana yake hali ni ileile."

"Unaweza kunionyesha?"

"Mnarani, naweza."

Faustine alisimama, akamwita konstebo. "Lete pingu na funguo za Landrova. Na lile jiko la kielelezo. Tia na debe la mkaa."

*

Ukungu ulikuwa umelala juu ya miti ya misindano ya Uwemba, na Landrova ilipanda kilima kwa taa zikiwaka ingawa jua lilikuwa limekwisha chomoza mahali fulani. Mnara haukuonekana mpaka walipoukaribia kabisa. Chini yake palikuwa na kibanda cha mbao chenye paa la bati, na mbele ya kibanda alisimama mwanamke mwenye kitambaa cheusi kichwani.

"Kamwene, mama," Faustine alimwamkia.

"Kamwene." Juliana hakumtazama. Alimtazama Erica na pingu zake. "Ndiye huyu aliyeifunga mdomo mashine?"

"Mama, mimi..."

"Nyamaza. Mume wangu alikuwa akikusifu. Binti wa Njombe, binti wa Njombe, ana akili kama mchawi. Haya, akili yako imenizikia mume."

Faustine alimwacha aseme mpaka alipochoka. Kisha akamwashiria konstebo ashushe jiko. Lilikuwa jiko la bati, la duara, lenye miguu mitatu.

Juliana aliliangalia. "La nani hilo?"

"Lenu. Ulilikuta humu ndani siku ile."

"Siku ile nilimwona mume wangu, sikuona jiko. Sisi hatuna jiko la mkaa, Inspekta. Mkaa tunachoma, tunauza Njombe. Nani hapa kilimani anapikia mkaa wake mwenyewe? Tunapikia kuni."

Konstebo alikohoa. Faustine aligeuza uso kuelekea kwenye ukungu. Siku nne jiko hilo lilikaa kwenye stoo ya kituo na karatasi imefungwa mguuni, na hakuna askari aliyemuuliza mjane kama ni lake.

"Mkaa unawashwa wapi, mama?" aliuliza.

"Nje, kwenye upepo. Mpaka moshi uishe ndipo uingize ndani. Hata mtoto anajua."

Faustine alizunguka kibanda akiwa ameinama. Nyasi zilikuwa ndefu na za kijivu kwa baridi. Aliziangalia pande zote, akaenda hadi kwenye nguzo za mnara, akarudi. Kisha akamwambia konstebo awashe jiko mbele ya mlango.

Erica alifunguliwa pingu. Aliingia ndani, akawasha kompyuta iliyokuwa imezimwa tangu Alhamisi. Ilinguruma, ikaandika mistari mingi, ikatulia. Mwisho wa yote ikaandika neno moja: BARIDI.

Walisubiri. Pumzi zao zilitoka nyeupe. Neno la pili halikuja.

"Zamani," Erica alisema kwa sauti ndogo, "hapa lingekuwa limeshajaa."

Mkaa ulipokuwa mwekundu, konstebo aliingiza jiko, akaziba dirisha kwa gunia lilelile. Wote wakatoka. Erica alivuta skrini mpaka kwenye kizingiti, waya ukapita chini ya mlango, na mlango ukafungwa. Wakachuchumaa nje mbele ya kioo, watu wanne, kama wanaoota moto usiowaka.

Juliana alisema, "Na ikikaa kimya?"

"Ikikaa kimya," alijibu Faustine, "kesho tunampeleka kwa hakimu."

Ukungu ulisogea. Kunguru alitua juu ya mnara, akalia, akaondoka. Erica alikuwa ameshika vidole vyake vya mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, akivibana kama anataka kuving'oa.

Neno likatokea: SAWA.

Baada ya muda likafuata la pili: JOTO.

Erica aliinamisha kichwa juu ya magoti yake.

"Imesema nini?" Juliana, ambaye hakujua kusoma, aliuliza.

"Imesema joto, mama."

"Na usiku ule haikusema."

"Haikusema."

Juliana akasema, kana kwamba anaongea na mlango, "Basi mume wangu hakufa kwenye joto. Alilala humu kwenye baridi, jiko likiwa limezimika."

"Alilazwa, mama," alisema Faustine. "Tazama hapo jiko lilipowashwa." Konstebo alikuwa amelisogeza, nyasi chini yake ziliungua, zikabaki duara jeusi. "Nimezunguka kibanda chote. Duara jingine hakuna. Jiko lile lilikuja na majivu yake."

Alimwamuru konstebo afungue mlango na dirisha, hewa ipite. Kisha akamsogelea Juliana, akazungumza kwa upole ambao askari wake hawakuuzoea.

"Nani alikuwa na ugomvi na Mikaeli?"

"Ugomvi hapana. Lakini alikuwa akisema betri mpya za mnara zinashuka kilima, za zamani zinapanda. Zinaondoka na gari la ofisi. Alisema Ijumaa atakwenda kumwambia Hajji mwenyewe, baada ya swala. Nikamwambia, Mikaeli, wewe mlinzi, linda. Akasema, ndiyo ninalinda hivi."

Erica alikuwa amekwisha ingia ndani. Alitoka akifuta mikono. "Betri zote ni kuukuu, afande. Zimebandikwa karatasi mpya juu."

"Gari la ofisi anaendesha nani?"

Erica alimtazama. "Kefa," alisema.

Faustine hakufurahi. Jiko lisilo na mwenyewe na betri kuukuu havikumwonyesha hakimu mahali Kefa alipokuwa usiku ule. Kefa alisema alikuwa mbele ya skrini Makambako, na hakuna aliyeweza kumkanusha. Wakili mzuri angesema mashine imechezewa na mshtakiwa, basi lolote itakalosema ni la mshtakiwa.

"Wewe utabaki hapa na konstebo," alimwambia Erica. "Mashine iwe inawaka. Kibanda kipoe, kisiguswe. Baridi yake naihitaji Makambako."

*

Makambako ilikuwa na jua na vumbi. Malori yalipanga foleni kando ya barabara kuu, yale ya kwenda Songea na yale ya kwenda Mbeya, na utingo walikuwa wakinywa chai wamesimama. Ofisi ya Nyanda Mawasiliano ilikuwa nyuma ya duka la vipuri la Hajji. Ndani alikuwapo karani peke yake, msichana wa Tanga aitwaye Salha, amejifunga khanga juu ya sweta mbili.

"Shikamoo, baba. Kama umekuja kutuma barua, leo bahati yako. Mashine imefufuka asubuhi hii."

"Marahaba. Umejuaje? Imefunikwa."

Kweli, skrini ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua ya waridi pembeni, kama redio ya nyumbani kwa watu wenye adabu.

"Nilisikia ikilia, nikaifunua, nikaifunika. Vumbi la hapa, baba, litaingia hata kwenye ndoto. Kitambaa nimekifuma mwenyewe. Nakifunga kwa uzi nyuma, fundo mbili. Bwana Kefa ananicheka, anasema natafuta mume kwa vitambaa. Yeye akiifunua anakitupa tu juu ya kiti. Hajui kufunika huyo, hata sahani ya chakula."

Faustine alivuta kigoda, akaketi. "Jumatano jioni ulifunga wewe?"

"Mimi. Kefa akaja kushika zamu, nikamwachia ufunguo."

"Mashine ilisema nini kabla hujaifunika?"

"BARIDI." Salha alicheka. "Mara moja tu! Siku zote jioni inaanza baridi, baridi, baridi, kama bibi aliyenyimwa shuka. Siku ile ikasema mara moja ikanyamaza. Nikasubiri, nikasema alhamdulillahi, Erica ameiponya. Nikaifunika nikaenda zangu."

"Ulimwambia Kefa?"

"Alikuwa na haraka, alikuwa bado uani anahangaika na gari. Nilimtupia ufunguo dirishani."

"Na asubuhi ya Alhamisi?"

"Umeme ulikuwa umekatika, mgao. Skrini nyeusi. Kisha ikaja habari ya Mikaeli, tukalia."

"Kitambaa, Salha. Asubuhi kitambaa kilikuwa wapi?"

Msichana alifungua kinywa ajibu kwa mzaha, akakifunga. Macho yake yalikwenda kwenye skrini.

"Kilikuwa juu yake," alisema polepole. "Na fundo zangu mbili."

"Hakuna aliyekuuliza habari hizi?"

"Nani aulize karani habari ya kitambaa?"

"Mimi. Sasa nisikilize. Bwana Kefa akiingia, usiseme neno. Umesikia, mwanangu? Hata akikutania."

Mlango wa uani ulifunguliwa, na Kefa akaingia akifuta mikono kwa tambara. Alikuwa mtu mrefu mwenye tabasamu la haraka na koti zuri la mtumba.

"Afande! Ungenipigia simu ningekuandalia nyama. Salha, mgeni hana hata chai?"

"Nimekunywa," alisema Faustine. "Ulikuwa unaosha gari?"

"Nalifuta. Njoo ulione, linauzwa akipatikana mjinga."

Walitoka. Ilikuwa pikapu nyeupe yenye bodi la bati lililofungwa nyuma, mlango wake mmoja na dirisha hakuna. Faustine aliukagua mlango huo. Ukingoni mwake wote palikuwa pamegundishwa vipande vya mpira wa baiskeli, vimekatwa kwa uangalifu, havikuacha upenyo hata wa kupitisha kisu. Chini, karibu na bomba la moshi, bati lilikuwa na tundu la duara, nalo limezibwa kwa tambara jipya.

"Mpira wa nini?"

"Vumbi, afande. Barabara unaijua. Mizigo ilikuwa inafika kama imepakwa unga." Kefa alifungua mlango. Ndani palikuwa pamesafishwa, pakinuka sabuni ya unga. "Nasikia Landrova yako haina hita. Jioni nakwenda Njombe. Panda nyuma, nitakutandikia godoro, utafika umelala. Humu baridi haiingii kabisa."

Faustine alitazama giza la ndani ya bodi. Ukutani, chini, usawa wa mtu aliyelala, palikuwa na mikwaruzo minne iliyokaa pamoja, kama ya kucha za mkono mmoja. Akakumbuka alivyosema daktari: ya mkaa au ya moshi wa gari.

"Nitafikiria," alisema. "Kwanza tumalize kazi. Kesho kesi inasomwa, na hakimu ni mtu wa maswali. Nataka maelezo yako yasimame imara."

"Yamesimama."

"Basi nirudie, mbele ya skrini yenyewe, nione kana kwamba nilikuwapo mimi."

Waliingia. Kefa alikaa kwenye kiti chake, akakizungusha kidogo. Salha alikuwa akipanga bahasha kwenye kona. Mikono yake ilikwenda bila macho.

"Ulikaa hapo?"

"Hapahapa. Tangu jioni mpaka usingizi uliponichukua."

"Kitambaa?"

"Kitambaa gani? Ah, haya mapambo ya harusi ya Salha. Nilikitupa hapo juu ya kiti kile. Kila siku nakitupa, kila siku ananinunia."

Bahasha moja ilianguka. Salha aliiokota.

"Na neno BARIDI?"

"Likishuka tu, afande. Nililiona kwa macho haya. Linajaza skrini, linapanda juu, linatoweka, jingine linakuja chini. Nilikuwa hata nikilihesabu kupoteza wakati. Mpaka saa tatu likakoma. Moyo ukaniambia kuna jambo, lakini nikaudharau. Ndilo linaloniuma."

"Hapakuwa na nafasi kati ya neno na neno?"

"Kunywa funda moja la chai, limekuja jingine."

"Hakimu atakuuliza kama unaweza kuapa kwa hilo."

"Kwa Biblia. Kwa mama yangu kaburini."

Faustine aliandika sentensi hizo, akamsogezea karatasi. Kefa alisoma, akatia sahihi kwa mkono wa mtu aliyezoea kutia sahihi. Faustine aliikunja karatasi, akaitia mfukoni, akakifunga kifungo cha mfuko.

"Mashine ya kilimani inawaka tangu asubuhi," alisema. "Nimemwacha Erica huko. Kibanda kiko wazi, na ukungu haujaondoka."

"Vizuri."

"Salha, mwanangu. Funua."

Msichana alikuja. Ilimchukua muda kufungua fundo, na Kefa alikuwa akivitazama vidole vyake, na uzi, na fundo la pili lilivyofunguka. Kitambaa kikatoka.

Kwenye skrini palikuwa na maneno manne, kila moja kwenye mstari wake. BARIDI. SAWA. JOTO. SAWA. Kielekezi kilikuwa kikipepesa chini yake. Faustine alikunja mikono, akasimama nyuma ya kiti. Uani utingo alikuwa akiimba. Hatimaye mashine ikatoa mlio mdogo, na mstari wa tano ukatokea.

BARIDI.

"Hilo ni la kwanza tangu kibanda kipoe," alisema Faustine. "Kunywa funda moja la chai, Bwana Kefa."

Kefa alitabasamu. Aliegemea mbele kidogo, kama mtu anayemngoja mgeni aliyechelewa. Kielekezi kilipepesa. Utingo alimaliza wimbo wake, akaanza mwingine. Kefa aligusa kioo kwa kidole, chini ya lile neno, pale la pili lilipotakiwa kuwa.

"Imekwama," alisema.

"Haijakwama. Ndivyo isemavyo tangu Jumatano mchana. Salha aliiona jioni ile, kabla hajaifunika. Nawe ungeiona, kama ungekuwa hapa kuifunua."

Kefa alimtazama Salha. Hakuwa tena na tabasamu, na Salha alirudi nyuma mpaka ukuta ukamzuia, kitambaa amekishika kifuani kwa mikono miwili.

Faustine alisogea akasimama kati yao. Alinyanyua kidude cha redio ya ofisi, kile ambacho Kefa aliandika kwamba angemwitia Mikaeli, akabonyeza.

"Mnarani, mnarani. Konstebo, usimfunge tena Erica pingu. Mpe koti lako."

Alikirudisha mahali pake, akanyoosha kiganja. Kefa alikuwa ameirudia skrini. Bado alisubiri. Mpaka alipoweka funguo za pikapu katika kiganja kile, neno la pili lilikuwa halijaja.